Kitufe cha Sitaki

Ukifika asubuhi kwenye mpaka mdogo wa Gisenyi, Rwanda, ule ambao kila mtu hapa anauita Petite Barrière, huwezi kuwakosa. Katikati ya umati wa akina mama wenye mabeseni ya nyanya kichwani, wanapita watu wenye ulemavu wa miguu juu ya baiskeli za magurudumu matatu, nyuma yao magunia yamepangwa mpaka yanampita mtu kimo. Wanavuka kwenda Goma, upande wa Kongo, na kurudi, na baadhi yao wana ushirika wao. Penye mwinuko utawaona vijana wenye miguu mizima wakiwasukuma, kwa malipo. Hakuna anayewaonea huruma. Baiskeli ile ni chombo cha kazi, na aliyekaa juu yake ndiye bosi wa hao wanaosukuma.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi ukitaja teknolojia kwa watoto wenye mahitaji maalumu, watu wengi huona akilini kifaa kipya kinachong'aa, kimetolewa kwenye boksi na mgeni, na mtoto anayetabasamu mbele ya kamera. Mimi nina mpwa anayetumia kifaa cha namna hiyo. Hatabasamu sana. Ana kazi nacho.

Mpwa wangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Anasikia vizuri, anaelewa Kinyarwanda cha nyumbani na Kiswahili cha mtaani, na mzaha huucheka kabla hujaumaliza. Lakini misuli ya mdomo, shingo na mikono haimtii. Sauti anayotoa, ni mama yake na kaka yake tu wanaoweza kuikisia. Miaka yake ya mwanzo, mazungumzo yote yalikuwa ya upande mmoja: sisi tunauliza, yeye anatazama juu kumaanisha ndiyo. Una njaa? Macho juu. Unataka kulala? Macho yanabaki chini, tunaendelea kuuliza. Mtindo huo unafanya kazi, na familia nyingi zinaishi nao mpaka mwisho. Ila mtoto wa namna hiyo hawezi kamwe kuanzisha mazungumzo. Anaishi ndani ya maswali ya watu wengine, na jambo ambalo hakuna aliyefikiria kumuuliza, basi halipo.

Kioo cha kugusa tunakitumia kila siku bila kujiuliza kinajuaje pale tulipogusa. Chini yake kuna wavu wa nyaya nyembamba zisizoonekana kwa macho, zenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo ngozi inapokaribia, chaji ya mahali pale inabadilika na kifaa kinang'amua. Hakihitaji nguvu ya kubonyeza kama kibodi ya zamani, na hakiulizi kama kilichogusa ni kidole. Kifundo cha mkono, kiwiko, pua, kidole cha mguu, mkono uliokatikia chini ya kiwiko: kwake yote ni ngozi. Mkono wa bandia wa plastiki ndio hakiuoni.

Katika mji huu maneno kama "mkono uliokatikia chini ya kiwiko" hayasomwi kama nadharia. Mwaka 1998 kijana wa miaka 15 aitwaye Frederick Ndabaramiye alikuwa safarini ndani ya basi. Wanamgambo wa Interahamwe walilisimamisha, wakamtaka awaue abiria wenzake. Alikataa. Wakamkata mikono yote miwili. Alilelewa katika kituo cha Imbabazi, kilichoanzishwa mwishoni mwa mwaka 1994 na Rosamond Carr, Mmarekani aliyekuja upande huu wa Afrika mwaka 1949. Ndabaramiye akajifunza kuchora picha, akaendesha baiskeli, na baadaye yeye na Zachary Dusingizimana wakaanzisha hapa Gisenyi kituo cha Ubumwe Community Center, ambako watu wenye ulemavu hujifunza kazi za mikono, na watoto viziwi na wenye ulemavu wa akili hupata darasa na mwalimu. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2014. Watu humtaja kwa uchoraji na baiskeli, na ni haki yake. Mimi huwa nabaki kwenye lile neno moja, alikataa.

Vifaa vya kusemea kwa niaba ya mtu asiyeweza kutamka vilikuwepo zamani katika nchi tajiri, ila vilikuwa vizito na viliuzwa kwa maelfu ya dola. iPad ilipoanza kuuzwa Marekani Aprili 2010, kampuni ya AssistiveWare ya Amsterdam ilikuwa tayari na programu yake ya Proloquo2Go, iliyokuwa imetoka mwaka mmoja nyuma kwenye iPhone. Ghafla mashine ya kusemea ikawa kitu ambacho mtoto mwingine yeyote angetamani kukishika, na hilo si dogo. Mtoto mwenye ulemavu amezoea kupewa vitu ambavyo wenzake wanavikwepa. Lakini bei ya programu ile peke yake ingenunua mbuzi kadhaa hapa wilayani Rubavu, bila kuhesabu kifaa chenyewe. Zilipokuja programu za bure za Android, na vishikwambi vya mtumba vikaanza kupatikana kwa bei inayozungumzika, ndipo jambo hili lilipotufikia watu kama sisi. Cha mpwa wangu kilitoka Birere, upande wa Goma, hatua chache kutoka mpakani, kikiwa na ufa kwenye kona na kava ya mwenyewe wa kwanza.

Kukinunua kulikuwa rahisi. Kazi ilianza baadaye. Kioo kinachoipokea ngozi yoyote hupokea pia kiganja kizima kilichoangukia juu yake, na hupokea udenda. Mpwa wangu akitaka kugusa picha ya maji, mkono unakuja kwa kishindo, unagonga picha tatu, na kifaa kinasema maji, choo, mpira, kwa mfululizo mmoja kama mlevi. Mwalimu wake, mama mmoja mtulivu anayejua watoto hawa kuliko anavyolipwa, alikwenda kwenye mipangilio na kuifanya programu isihesabu mguso mpaka mkono utulie kidogo. Kisha akafunga kifaa kisiweze kutoka kwenye programu ile, maana mkono uleule ulishawahi kutupigia simu ya video kwa mtu asiyejulikana.

Lililobaki lilimalizwa na fundi wa mtaani kwetu. Alichukua kidumu cha mafuta, kile cha njano, akakata ubavu wake uliolala sawasawa, akaupasha moto ukanyooka, akautoboa matundu ya mraba, kila tundu juu ya picha moja, na kingo akazisugua kwa msasa zisikwaruze. Ubao huo wa plastiki unakaa juu ya kioo. Mtoto analaza mkono mzima juu yake bila kifaa kusikia chochote, kwa sababu plastiki haipitishi umeme, halafu anausogeza polepole mpaka kidole au kifundo kidumbukie kwenye tundu analolitaka. Huko ng'ambo vifuniko kama hivyo vinauzwa, na si kwa bei ndogo. Fundi wetu hakuwahi kuviona. Aliangalia mkono wa mtoto kwa muda, akauliza maswali mawili, akaenda kutafuta kidumu.

Suala la sauti lilituchosha zaidi ya hilo. Kifaa kilikuja na sauti za Kiingereza na Kifaransa, na Kiswahili kinachosomwa kama mtu anayesoma tangazo la uwanja wa ndege. Kinyarwanda hakikuwemo. Najua kazi kubwa imefanyika: Wanyarwanda wamejitolea kusoma sentensi kwa sauti katika mradi wa Common Voice wa Mozilla mpaka lugha yao ikawa na zaidi ya saa 2,000 za rekodi, kiasi ambacho lugha nyingi za mataifa makubwa hazijafikisha. Ila rekodi za namna hiyo zinafundisha mashine kusikia kabla ya kuifundisha kusema, na msichana mdogo hawezi kukaa kimya akisubiri. Tukaamua kurekodi wenyewe. Swali likawa, sauti ya nani?

Dada yangu alijitolea, mama mtu. Mwalimu akakataa kwa upole. Mtoto akisema kwa sauti ya mama yake, alituambia, kila mtu atasikia mama ndiye anayesema. Kaka yake ana sauti inayokatika. Mwisho tukamwita mtoto wa jirani, msichana wa rika lake, mjanja, wa maneno mengi, akarekodi kila neno kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, akicheka katikati. Kwenye neno "choo" kicheko kimebaki mpaka leo, na mpwa wangu hataki lirekodiwe upya. Huwa namkumbuka Stephen Hawking, Mwingereza aliyezungumza kwa miongo kadhaa kwa sauti ya mashine yenye lafudhi ya Kimarekani, iliyotokana na sauti ya mtafiti Dennis Klatt. Sauti bora zaidi zilipopatikana, hakubadilisha. Ile ilikuwa imeshakuwa yake.

Sasa tulikuwa na kifaa, ubao wa kidumu, na sauti. Tukaweka maneno. Hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka kukisema.

Maneno ya kwanza yalikuwa kumi na mawili, kila moja na picha yake, na aliyeyachagua ni dada yangu. Maji. Ugali. Choo. Kulala. Mama. Shule. Mpira. Nje. Inauma. Ndiyo. Asante. Shikamoo. Ukiyatazama kwa haraka ni orodha ya mama mwema. Itazame tena. Hakuna hata neno moja pale linaloweza kumuudhi mtu mzima. Mtoto amepewa uwezo wa kuomba, kukubali, kushukuru na kusalimia. Nimeona vishikwambi vya watoto wengine tangu wakati ule, na karibu vyote huanza hivyo hivyo. Tunawapa watoto wasiosema lugha ya mgeni aliye hotelini: ombi na shukrani.

Mpwa wangu hakulalamika, angelalamika kwa neno gani? Alichofanya ni kuyavuta maneno aliyopewa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Watu wa Goma walikimbilia kwetu, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo hapa Gisenyi, kuta zikapasuka, watu wakalala uani na barabarani. Matetemeko yalipotulia tukarudi ndani. Mpwa wangu akaanza kubonyeza "nje". Asubuhi nje, mchana nje, na usiku wa manane, kila mtu amelala, sauti ya mtoto wa jirani gizani: nje. Tulidhani anataka kucheza. Kaka yake ndiye aliyesema, akiwa nusu usingizini, kwamba haombi kutoka, anaogopa paa. Kwenye kishikwambi hapakuwa na "naogopa". Alichukua neno la mchezo akalibebesha hofu, akaturudia nalo usiku baada ya usiku mpaka likaeleweka. Dada yangu akahamishia godoro karibu na mlango, ukabaki wazi kidogo. "Naogopa" likaongezwa asubuhi.

Tukajisifu kwa hilo. Mwalimu hakutusifu. Alitazama ubao wetu wa picha kumi na tatu akauliza, "Na kukataa, anakataaje?"

Dada yangu akamjibu, "Mwalimu, huyu akipata la kukataa, sisi tutaishije?"

"Mtaishi kama wazazi wengine," mwalimu akasema. Akaweka picha ya kiganja kilichonyooshwa, na mtoto wa jirani akaitwa kurekodi "sitaki". Alilisema kwa mkazo wa mtu mwenye uzoefu nalo.

Kipindi kilichofuata kilikuwa kigumu nyumbani, na sitakipamba. Sitaki ugali. Sitaki shule. Sitaki mama. Sitaki kuoga, huku ameshapakwa sabuni. Alikataa hata vitu anavyovipenda, ili tu kuona nini kitatokea, na kilichokuwa kinatokea ndicho tulichopaswa kukiangalia. Mara nyingi hakikutokea kitu. Tulicheka, tukasema "ona anavyojua kukataa", tukaendelea kumlisha. Mashine ilikuwa imesema kwa ufasaha na sisi tuliisikia kama kasuku. Kumpa mtoto sauti huku ukijiwekea haki ya kutoitii hata mara moja ni kumpa redio.

Dada yangu ndiye aliyebadilika wa kwanza, kwa njia yake, bila hotuba. Siku moja mtoto alikataa uji, naye akauondoa. Akauweka mezani, akakaa. Mtoto akamtazama kwa mshangao. Baada ya muda akabonyeza "maji". Alikuwa na kiu, uji ulikuwa wa moto. Inawezekana siku zote alizokuwa akigeuza shingo tukasema misuli inamsumbua, alikuwa na kiu na uji ulikuwa wa moto.

Si kila sitaki inashinda, wala haipaswi. Dawa anainywa, na shule anakwenda. Mzazi wa mtoto yeyote anajua mstari huo ulipo na jinsi unavyosogea. Tofauti ni kwamba sasa anaelezwa sababu, kama kaka yake anavyoelezwa, na akishindwa anashindwa kama mtu aliyebishana. Zamani alibebwa kama mzigo.

Iko sababu nyingine, nzito zaidi, ambayo mwalimu aliitaja kwa sauti ya chini watoto wakiwa wametoka. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti yaliyoonyesha kwamba watoto wenye ulemavu wako katika hatari ya kufanyiwa ukatili karibu mara nne kuliko wenzao. Mtoto aliyezoeshwa tangu utotoni kwamba mwili wake unavuliwa, unaoshwa, unabebwa na kulishwa na yeyote bila kuulizwa, na asiye na neno la kusimulia baadaye, ndiye windo rahisi. Tangu siku hiyo dada yangu aliacha kulalamika kuhusu kitufe kile. Yakaongezwa pia majina ya viungo vya mwili, vyote, na mtoto wa jirani alipofika kwenye baadhi yake alikimbia, ikabidi mwalimu arekodi mwenyewe.

Sitalinganisha mtoto anayekataa uji na kijana aliyekataa kuua. Ingekuwa utovu wa adabu kwa Ndabaramiye na kwa waliokuwa ndani ya lile basi. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo. Nchi hii inamheshimu mtu aliyeweza kusema hapana wakati hapana ilikuwa na gharama kubwa kuliko zote. Inajua pia, kuliko nchi nyingi, kilichotokea katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, pale watu walipoambiwa fanyeni na wakafanya. Kukataa hakumjii mtu ghafla siku moja akiwa mkubwa. Kuna mahali anakuwa amejaribu kukataa kitu kidogo, mbele ya watu waliomzidi nguvu, na dunia haikuanguka. Watoto wenye ulemavu ndio tunaowanyima mazoezi hayo zaidi, tena kwa upendo. Tunamsifia mtoto kiziwi kwa kuwa mtulivu. Mwenye ulemavu wa akili tunamsifia kwa kuwa msikivu.

Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu Desemba 2008, na ibara ya 21 ya mkataba huo inazungumzia haki ya kujieleza kwa njia ya mawasiliano ambayo mtu mwenyewe ameichagua. Ni maneno mazuri. Kuyatekeleza kunahitaji kitu ambacho hakuna bunge linaloweza kukipitisha, nacho ni kusubiri. Sentensi ya maneno matatu, kwa mkono wa mpwa wangu, inachukua muda wa birika dogo kuanza kuchemka. Mgeni hawezi kuvumilia. Kufikia neno la pili ameshalimalizia mwenyewe, kwa kukisia, na kwa kawaida anakosea, na mtoto inabidi aanze upya. Nimeona wasomi, viongozi wa dini na watu wa heshima zao wakishindwa jaribio hilo dogo. Kwenye zahanati moja muuguzi alimuuliza dada yangu, "Anaumwa wapi?" Dada yangu hakujibu. Akanyoosha mkono kwenye kishikwambi, wakasubiri wote wawili, na foleni nyuma yao ikaanza kuguna. Jibu lilikuwa "sikio". Mama mtu alikuwa amekuja akiamini ni tumbo.

Mwenye subira kuliko wote ni mtoto wa jirani. Nadhani ni kwa sababu anangoja kusikia sauti yake mwenyewe.

Nisije nikaonekana nauza vishikwambi. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, nilionyeshwa kabati lenye vishikwambi vya msaada vilivyolala kwenye maboksi yake. Vizuri, vipya, havifunguki. Aliyevileta alivifungua kwa akaunti yake na nywila yake, akapiga picha na watoto, akarudi kwao, na akaunti ikaondoka naye. Kila kimoja kinadai nywila ya mtu aliye bara jingine. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti mwaka 2022 wakisema watu karibu bilioni moja wanaohitaji vifaa saidizi hawavipati, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Sijui hesabu kama hizo zinavihesabuje vilivyo kabatini. Mtu akitaka kutoa msaada wa namna hii, atoe na mtu: fundi wa karibu, mwalimu aliyefundishwa na anayelipwa, na nywila iliyoandikwa kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe isidharauliwe. Mwalimu wetu, kabla ya kishikwambi, alikuwa na ubao wa picha alizokata kwenye magazeti na kuzifunika kwa plastiki, na mpaka leo mpwa wangu anautembeza nyuma ya kiti chake. Umeme ukikatika, mvua ikinyesha, jua la mchana ufukweni likafanya kioo kisisomeke, anarudi kwenye ubao. Hauna sauti, lakini haudai chaji, na hauna akaunti. Wenzake darasani wanatumia vishikwambi kwa namna nyingine kabisa: viziwi wanarekodi video za ishara na kutumiana, na yupo kijana mwenye usonji ambaye kwake kifaa kina kazi moja tu, kumwonyesha kwa picha nini kinafuata baada ya nini, na hiyo imemtosha kuacha kupiga kelele kila kengele inapolia. Mwenye uoni hafifu yeye anakuza herufi mpaka moja ijaze kioo, na anasoma kwa kasi kunishinda.

Sasa tuko kwenye mgogoro mwingine. Mpwa wangu amekua, na mchana hukaa na kaka yake na wenzake wakitaniana, na utani wa vijana wa mpakani mnaujua. Wao wanatukanana kwa mapenzi tangu asubuhi, na yeye katika mabishano yote ana "sitaki" na "shikamoo". Ameonyesha, kwa njia ndefu iliyopitia picha ya kaka, picha ya mdomo na kelele nyingi, kwamba anataka kitufe cha kumwambia mtu mjinga. Dada yangu anasema nyumbani kwake matusi hayaingii, hata ya mashine. Mwalimu anasema kila mtoto wa rika lake analo tusi, na huyu asipopewa "mjinga" atalibebesha neno jingine kama alivyolibebesha "nje", na huenda safari hii likawa "shikamoo", ambayo ataitumia mbele ya padri. Bibi mtu amependekeza liwekwe, ila kwa sauti yake yeye bibi, ili mjukuu akitukana aone haya. Pendekezo hilo limekataliwa papo hapo, mnajua kwa kitufe gani. Kikao kimeahirishwa mpaka Jumamosi, baada ya kazi ya pamoja ya umuganda. Mtoto wa jirani ameshasema yeye yuko tayari kurekodi wakati wowote, ila safari hii anataka alipwe.